Nilisomesha wawili wakaondoka, sasa chuo kinataka nipokee watatu

Mshauri, salaam.

Nina biashara ya kufunga na kutengeneza viyoyozi na friji. Nilianza peke yangu na begi la spana, miaka 16 sasa. Leo tuko 12: mafundi 7, wasaidizi 2, dada wa mapokezi anayepokea simu na kupanga kazi, na mimi. Mke wangu ndiye wa 12, vitabu vya fedha ni vyake, na bila yeye ningekuwa nimefunga zamani.

Fundi mkuu nimeanza naye. Ana miaka 57. Zamani alikuwa akishika bomba kwa kiganja tu anakuambia gesi imepungua, na hakosei. Mengi ninayoyajua nimeyapata kwake. Lakini mashine zimebadilika, na mwaka huu tumeumia. Kwa miezi mitatu nilimwambia dada wa mapokezi aandike kwenye daftari kila kazi tuliyoitwa kuirudia. Zimefika 23. Mojawapo ilikuwa ya ofisi yenye viyoyozi vingi. Tulibadilisha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, mashine ikagoma. Tukabadilisha tena, ikagoma. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye bodi ya elektroniki inayoongoza mashine. Mkataba wa ofisi ile tumeupoteza.

Mwezi uliopita alinijia mkuu wa idara wa chuo cha ufundi kilicho karibu nasi. Anataka nipokee wanagenzi watatu kwa miaka miwili: siku 2 za wiki wawe darasani, siku 3 wawe kwangu, niwalipe posho. Pia ana kozi fupi ya jioni, wiki 6, kwa mafundi walioko kazini. Ameniachia karatasi za kusaini na anasubiri jibu kabla mwezi haujaisha.

Nikuambie kwa nini nasita. Mimi kusomesha nimeshasomesha. Kijana wa kwanza nilimlipia chuo mwaka mzima. Aliporudi na cheti, mshahara sikuugusa, maana niliona ada niliyotoa ni nyongeza tosha. Baada ya miezi 8 akaenda kwa mshindani wangu. Wa pili nikajihami: nilimwambia cheti chake kikae kwenye kabati langu miaka miwili kama dhamana. Naye akaondoka, akakiacha. Sasa anafanya kazi zake mwenyewe na wateja wangu wawili wako kwake. Cheti bado ninacho.

Mke wangu anasema pakacha letu linavuja, na mtu haongezi mzigo kwenye pakacha linalovuja. Fundi mkuu ndiye mkali zaidi. Alisema mbele ya wenzake, "Chuoni wanafundishwa na kalamu, na gesi haijui kalamu." Kisha akaniambia pembeni, "Kama unawataka hao watoto wa chuo, niambie mapema nijue pa kwenda."

Nikubali au nikatae? Nikikubali, nifanyeje wasiondoke? Na huyu mzee nimweke wapi?

Mwenye pakacha

*

Mwenye pakacha, salaam nyingi.

Kwanza rudisha kile cheti. Kabla hujamjibu mkuu wa idara, kabla hujamaliza hata kusoma jibu hili. Cheti ni cha aliyekifanyia mtihani, hata kama ada ilitoka mfukoni mwako. Unadhani umeshika dhamana, kumbe umeshika tangazo. Kijana yule amekwishawaambia wenzake kwamba kwako karatasi za watu hufungiwa kabatini, na wale wanagenzi watatu wa chuo watakuwa wameisikia habari hiyo kabla hawajavuka mlango wako. Kirudishe bila kudai chochote na bila kutaja wale wateja wawili.

Ulichokifanya si kipya. Benjamin Franklin, yule aliyekuja kuwa mwanasiasa na mwanasayansi mashuhuri wa Marekani, alikuwa mwanagenzi wa kaka yake James katika kiwanda cha kupiga chapa mjini Boston. Serikali ilipomkataza James kuchapa gazeti lake, alifuta hadharani mkataba wa mdogo wake ili gazeti litoke kwa jina la Benjamin, halafu wakaandikiana mwingine wa siri wa kumfunga miaka iliyobaki. Mwaka 1723 Benjamin, akiwa na miaka 17, aliamua kuondoka, maana alijua kaka yake hatathubutu kuutoa mkataba wa siri mbele ya watu. James akazunguka kwa wachapaji wengine wa mji kuwazuia wasimpe kazi. Kijana akatorokea Philadelphia, na James akabaki akitangaza gazetini kwamba anatafuta mwanagenzi mwingine. Kaka huyo alikuwa na karatasi mbili za kumshikilia mtu na hakubaki naye. Wewe una moja.

Sasa tuje kwenye kuondoka kwenyewe, maana ndiko barua yako inakoumia. Umeniandikia mwenyewe sababu ya yule wa kwanza: mshahara hukuugusa. Mchumi Gary Becker, katika maandishi yake ya mwaka 1964, alitenganisha ujuzi wa aina mbili: unaomfaa mwajiri mmoja tu, na unaomfaa mwajiri yeyote. Kujua dada wa mapokezi anapanga vipi ratiba yako kunakufaa wewe peke yako. Kujua kusoma ubovu wa bodi kunalipwa popote. Ukimpa mtu ujuzi wa aina ya pili kisha ukamlipa kama hana, umemkatia tiketi na kumfungulia mlango. Mshindani wako hakumwiba. Alimlipa bei yake, na bei hiyo ilikuwa imepanda siku aliyopata cheti.

Waajiri wengi wakifika hapo husema basi, tusisomeshe. Lakini angalia kampuni za Ujerumani. Zimekuwa zikipokea wanagenzi kizazi baada ya kizazi, na sheria ya mwaka 1969 ikaupa utaratibu huo mfumo mmoja nchi nzima: siku moja au mbili za wiki shuleni, zilizobaki kazini, kwa miaka 2 hadi mitatu na nusu. Zinajua fika kwamba baadhi ya vijana wataondoka. Miaka ya 1990 wachumi Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke walitafuta kwa nini hata hivyo zinaendelea kulipia, na jibu lao moja linakuhusu sana: aliyekaa na kijana miaka miwili au mitatu anajua thamani yake kuliko mwajiri mwingine yeyote. Wa nje anaona karatasi. Wewe unajua nani ukimwacha peke yake nyumbani kwa mteja huhitaji kumpigia simu, nani anafuta vumbi ukutani kabla ya kuondoka, nani anaficha kosa lake. Wale wawili uliwapeleka chuo ukakaa kungoja warudi. Mwaka mzima hukuwaona. Hili unaloletewa sasa ni jambo lingine: siku tatu za kila wiki yuko mbele ya macho yako, na anafanya kazi.

Anafanya kazi gani? Hapo ndipo utakapopata au kupoteza.

Uswisi na Ujerumani zina mifumo inayofanana, lakini mahesabu yake hayafanani. Tafiti kwa waajiri wa Uswisi zimeonyesha mara kwa mara kwamba, kwa wastani, hadi mkataba unapoisha mwanagenzi ameshafidia kwa kazi yake yote yaliyotumika kwake. Hata akiondoka kesho yake, mwajiri hajapata hasara. Ujerumani, kwa wastani, mwajiri huwa bado anadai, na faida yake huja baadaye kwa wale wanaobaki, kwa kuwa hatafuti fundi mpya sokoni na hamfundishi upya. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni saa ambazo kijana anapewa kazi yenye thamani badala ya mazoezi na kazi za kumpotezea muda. Kwa hiyo kabla hujasaini, kaa na karatasi uandike mwanagenzi wako atakuwa anaweza nini mwezi wa pili, wa sita, wa 12 na wa 18. Ukiona karatasi nzima ni kubeba ngazi, kufagia karakana na kununua vocha za simu za mafundi, usiwapokee. Utawalipa posho bure, na wao watapoteza ujana wao kwako.

Katika kazi yako uandishi huo si mgumu. Mwezi wa kwanza na wa pili: kuosha vichujio na koili, kufunga mabano, kukata na kutanua mabomba ya shaba kwenye vipande vya kutupwa mpaka mkono ukae sawa. Kisha kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, na kusoma geji, na kuandika alichosoma, kila mashine, kila mara. Mwaka wa kwanza ukiisha awe anafanya sevisi ya kawaida ya kiyoyozi cha ukutani peke yake huku fundi akikagua mwishoni. Na hapa ndipo fedha ilipo. Sevisi za kawaida zinawala mafundi wako wenye uzoefu siku nzima, wakati kazi ngumu za kutafuta ubovu zinangoja au zinafanywa kwa haraka na kurudi. Wanagenzi wawili wakizibeba sevisi vizuri, fundi anapata saa za kukaa na ile mashine yenye bodi mpaka aielewe. Faida ya mwanagenzi mwaka wa pili usiitafute kwake tu, itafute kwenye muda wa fundi aliyewekwa huru.

Mke wako ana haki kwamba pakacha linavuja. Ila mwombe aje na lile daftari la dada wa mapokezi, zile kazi 23, akae nalo jioni moja. Kila kazi aandike mafuta ya gari, saa za mafundi wawili, gesi iliyotumika mara ya pili, kifaa mlichotoa bila malipo, na mteja mliyempoteza kama yupo. Nadhani ataona kuwa fedha hizo anazilipa kila mwezi, ila zimetawanyika: kidogo kwenye usafiri, kidogo kwenye vipuri, kidogo kwenye saa za ziada. Ada ya chuo ina mstari wake kitabuni, kwa hiyo inauma. Gharama ya kutojua haina mstari. Mwombe aufungue, auite "kazi za kurudi", na mwaka mmoja baada ya mafunzo mtazame mstari huo. Msihesabu vyeti mlivyotundika ukutani.

Sasa mzee wako. Nimemwacha nyuma, lakini kwangu yeye ndiye wa kwanza kupelekwa chuo, kabla ya mwanagenzi yeyote.

Kiganja chake kilikuwa sahihi kwa mashine za R22, ile gesi ya zamani ya viyoyozi. Zile kompresa zilizunguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo baridi ya bomba ilimweleza ukweli. Mashine ya inveta hubadilisha mwendo wa kompresa kila wakati kulingana na joto la chumba. Bomba lile lile litakuwa hivi sasa na vile baada ya dakika tano, na gesi haijapungua hata kidogo. Mzee hajasahau kazi. Mashine ndiyo imeacha kuzungumza lugha aliyoizoea.

Na gesi zenyewe zimebadilika kwa sababu zisizo mikononi mwake wala mwako. R22 huharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, iliziwekea gesi za aina hiyo njia ya kuondoka. Zilizochukua nafasi, kama R410A, haziharibu ozoni lakini hupasha dunia joto sana, ndiyo maana marekebisho ya itifaki hiyo yaliyofanywa Kigali mwaka 2016 yamezipangia nazo kupunguzwa. Kila badiliko lina adhabu yake kwa fundi asiyeambiwa. R410A hukaa kwenye presha ya karibu mara 1.6 ya R22, hivyo geji na mipira ya zamani si salama. Ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo hujazwa ikiwa kimiminika, na kwa mzani, si kwa kukisia. Mafuta ya kompresa yake hunyonya unyevu, kwa hiyo ule mtindo wa zamani wa kupuliza gesi kidogo ili kutoa hewa kwenye bomba, bila pampu ya vakyumu, unaiua kompresa polepole. Sijaiona mashine ya ile ofisi. Ila ningeuliza kama zile kompresa mbili zilivutwa vakyumu ipasavyo kabla ya kuwashwa.

Halafu kuna gesi ya R32, inayoweza kushika moto ingawa kwa shida, na R290, ambayo ni propani, ya jamii moja na gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kufungua bomba na kuwasha mtungi wa kuchomelea hapo hapo, akifanya hivyo kwenye mashine ya R290 ndani ya chumba kilichofungwa, hutahesabu tena kazi zilizorudi. Utakuwa unahesabu majeruhi. Kwa hili peke yake, ile kozi ya jioni ya wiki 6, kama inafundisha gesi zinazowaka, ningeilipia kesho kwa mafundi wawili, mzee akiwa mmoja wao.

Ila usimpeleke kama mwanafunzi aliyeshindwa. Mtu wa miaka 57 anayesema "niambie mapema nijue pa kwenda" hajakukasirikia, anaogopa. Amehesabu miaka yake iliyobaki, akaona vijana wa cheti wakiingia, akajua ni nani atakayeonekana ghali. Kwa hiyo usilizungumze tena mbele ya wenzake. Mfuate peke yake, ukae, umwambie mambo mawili. La kwanza, kwamba hakuna anayemtoa, na ulitamke kwa maneno hayo, usimwache alikisie. La pili, kwamba vijana hawa unataka wawe wake: yeye ndiye mkufunzi wao wa kazini, cheo hicho kina posho yake, na hakuna mwanagenzi atakayefungua mashine bila yeye kusaini kwenye kitabu chake cha kazi. Kozi ya jioni anaiendea kwa sababu mkufunzi hawezi kuulizwa na mwanafunzi habari za R290 akakosa jibu.

Kisha mwombee chuo kitu ambacho huenda mkuu wa idara hajakifikiria: mzee aende huko siku moja kila mwezi kuonyesha jinsi ya kutafuta ubovu. Vyuo vingi vina walimu wazuri wa nadharia na karakana zenye mashine zilizochoka. Mtu wa kusikiliza kompresa na kukuambia vali inavuja ni mali kwao. Siku mzee atakaposimama mbele ya darasa na walimu wakaandika anachosema, maneno yake juu ya kalamu yatapungua makali yenyewe.

Lipo jambo moja atakalohitaji kusaidiwa. Kujua kazi si kujua kuifundisha. Fundi mkongwe akifundisha husema "tazama", anaifanya kwa sekunde 20, halafu anashangaa kijana hakuona kitu. Wamarekani walikutana na tatizo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilipojaa watu wasiowahi kushika mashine. Wakatengeneza mafunzo mafupi ya wasimamizi, saa 10 tu, vipindi vitano vya saa mbili mbili, yenye hatua nne: muandae mwanafunzi na ujue anajua nini tayari, muonyeshe na kumweleza hatua kwa hatua, ukitaja pale panapohitaji uangalifu na kwa nini, mwache afanye huku yeye ndiye anayekueleza, kisha mwachie kazi lakini umrudie mara kwa mara. Utaona ni jambo dogo. Hatua ya tatu ndiyo ngumu kwa mafundi wetu, maana inamtaka mzee anyamaze na mikono yake aiweke mfukoni. Uliza chuo kama kina mafunzo ya namna hiyo kwa wakufunzi wa kazini. Kama hakina, kaa na mzee mwandike kazi tano tu kwa mpangilio huo, kuanzia kuvuta vakyumu. Mkiandika mtagundua kwamba kila fundi wako anaifanya kivyake, na huenda hilo likawa limeeleza sehemu nzuri ya zile kazi 23 kabla hata mwanagenzi mmoja hajafika.

Kuhusu karatasi za mkuu wa idara: usizisaini kama zilivyo, na wala usizirudishe kwa kiburi. Yeye anakuhitaji kuliko anavyoonyesha, maana chuo kisicho na mahali pa kuwapeleka vijana kina darasa tupu mwaka unaofuata. Waajiri wanaofaidi vyuo ni wale wanaoviambia wanataka nini. Brazil wenye viwanda walifika mbali zaidi: tangu 1942 wana taasisi yao ya mafunzo, SENAI, inayogharimiwa kwa makato ya orodha ya mishahara ya viwanda na kuongozwa na viwanda vyenyewe. Wewe huna haja ya kuendesha chuo. Una haja ya kuuliza maswali kadhaa. Je, karakana yao ina mashine ya inveta na mtungi wa R32, au bado wanafundishia R22? Mwalimu atakuja kwako mara ngapi kuwaona vijana? Siku za darasa zinaweza kupangwa ili msimu wa joto, simu zinapolia bila kukoma, uwe nao zaidi, na msimu wa utulivu wawe chuoni zaidi? Bima ya ajali inalipwa na nani? Na uliza kama serikali yako ina tozo ya mafunzo kwa waajiri au punguzo kwa wanaopokea wanagenzi. Huenda unalipa tayari na hujawahi kudai kitu.

Mwombe wawili, si watatu. Una mafundi 7, lakini mafundi 7 si wakufunzi 7. Kwa nilivyosoma, wenye uwezo na subira ya kufundisha kwako ni mzee, na labda mmoja mwingine. Kijana wa tatu ataangukia mikononi mwa yeyote mwenye nafasi siku hiyo, naye ndiye atakayekuwa wa ngazi na vocha. Weka muda wa majaribio. Ujerumani sheria inataka usipungue mwezi mmoja wala kuzidi minne, na katika muda huo upande wowote unaweza kuachana bila ugomvi. Miezi mitatu itakutosha kuona. Mkataba uwe wa maandishi, wenye saa za kazi, likizo, posho na mpango wa kujifunza. Pendekezo Namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2023, linataka hayo yote kwa uanagenzi uitwao bora, pamoja na kinga ya ajali kazini. Na kama kuna aliye chini ya miaka 18, kazi za paa refu na gesi zinazowaka si zake.

Umeuliza wasiondokeje. Andika ngazi za malipo ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza: posho ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa pili, na mshahara wa siku anayofaulu kama una nafasi ya kumwajiri. Asiombe. Asikumbushe. Apande siku ile ile. Kwa kozi ndefu na ghali unaweza kuandikiana makubaliano ya kurudisha sehemu ya ada akiondoka mapema, deni likipungua kila mwezi anaokaa, baada ya kumwonyesha mwanasheria. Makubaliano hayo yawe mafupi, na yasihusu karatasi zake.

Baada ya hapo, mmoja kati ya wawili pengine ataondoka. Sitakudanganya. Ila fikiria ameondoka vipi. Yule wa pili, mwenye wateja wako wawili, ana begi la spana kama ulilokuwa nalo miaka 16 iliyopita. Kuna siku ataitwa kwenye jengo lenye mashine 30 na hataiweza kazi hiyo peke yake. Atampigia nani simu, kama aliyemfundisha bado anamfungia cheti?

Mkuu wa idara usimjibu kwa barua. Mwambie aje, na aje na mwalimu wa viyoyozi, siku ambayo kuna mashine iliyofunguliwa mezani, ikiwezekana moja ya zile 23. Wewe kaa pembeni na mke wako na daftari. Mwache mzee awapokee.